Alisahau vifungo kabla ya kusahau majina

Kila usiku kabla ya kulala, mdogo wangu alipanga viatu vya nyumba nzima karibu na mlango. Vikubwa kushoto, vidogo kulia, ndara mwishoni, visigino vyote vimegusa ukuta. Hakuna aliyemtuma. Alianza tangu utotoni na akaendelea hivyo hadi akafika miaka 49, na siku ambayo viatu havikupangwa ulijua anaumwa. Kwa hiyo asubuhi niliyokuta kiatu changu kimoja kiko juu ya meza na mwenzake haonekani, nilipaswa kusimama nijiulize. Sikujiuliza. Nilimgombeza.

Naandika haya kwa ajili ya mtu anayeishi na ndugu au mwana aliyekwisha kuwa mtu mzima, mwenye ulemavu wa akili, hasa mwenye sindromu ya Down, hali ambayo mtu huzaliwa nayo, na ambaye hajawahi kuambiwa kwamba demensia, yaani kudhoofika kwa ubongo kunakomnyang'anya mtu kumbukumbu na uwezo wake, inaweza kumfika mapema kuliko watu wengine. Mimi sikuambiwa. Mama naye hakuambiwa. Mdogo wangu alipozaliwa, Mama aliambiwa asitarajie kumwona akiota ndevu. Maneno hayo yalitufanya tuupokee kila mwaka wake kama zawadi, lakini pia yalitufanya tusiufikirie uzee wake hata siku moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchini Marekani, wastani wa umri wa kuishi wa mtu mwenye Down ulikuwa kama miaka 25. Leo unakaribia 60. Kizazi cha mdogo wangu ndicho cha kwanza kuzeeka kwa wingi, na sisi ndugu zao ndio wa kwanza kuyaona haya ndani ya nyumba zetu bila mkubwa wa kumuuliza.

Mama alipofariki, mdogo wangu alihamia kwangu akiwa na miaka 41. Tulikuwa na miaka minane mizuri. Siku nne kwa wiki alikwenda kituo cha watu wazima, akawa anakunja taulo na mashuka pamoja na rafiki yake. Alijiogesha, alijivalisha, alijua zamu ya kila mtu kuosha vyombo na alimkumbusha yeyote aliyejifanya amesahau.

Mabadiliko hayakuanza na kusahau, na hapo ndipo nilipopotea. Kichwani mwangu demensia ilikuwa ni mzee anayetafuta funguo alizozishika, au anayeuliza swali moja mara kumi. Mdogo wangu aliwajua watu wote kwa majina. Siku za kuzaliwa za familia alizijua kuliko mimi. Kilichobadilika ni tabia na mikono. Mtu aliyependa watu akaanza kujifungia chumbani. Akawa mgomvi: hataki kuoga, hataki soksi, hataki kuingia kwenye gari. Vifungo vya shati alianza kwa kuacha kimoja cha juu. Baada ya miezi kadhaa akawa anavifunga vikiwa vimepishana tundu moja, upande mmoja wa shati mrefu kuliko mwingine. Mwishowe akawa anasimama katikati ya chumba, shati mkononi, ananitazama mimi.

"Acha kudeka," nikamwambia. "Shati unalijua hilo."

"Dada, linakataa."

Neno hilo alilitumia kwa vitu vingi mwaka ule. Mlango unakataa. Ngazi zinakataa. Zipu inakataa. Leo naelewa kwamba alikuwa akinieleza ugonjwa wake kwa usahihi kabisa, na mimi nilikuwa nasikia ukaidi.

Kituoni nako walisema amekuwa mvivu. Walimwondoa kwenye meza ya taulo kwa wiki mbili ili ajirekebishe, na mimi nikawaunga mkono. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha akiwaangalia wenzake wakifanya kazi aliyoifanya kwa miaka mingi. Ningepewa nafasi ya kufuta jambo moja tu katika hadithi hii, ningefuta wiki hizo mbili.

Daktari wa kwanza alitusikiliza dakika chache. Alizungumza na mimi, hakuzungumza naye, hakumpima hata masikio. Akasema ndivyo walivyo watu hawa umri ukisogea. Maneno hayo yalikuwa na nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyofunga mlango, maana nilirudi nyumbani nikiona aibu kwa kumsumbua. Baadaye nilikuja kujua kwamba hili ni kosa linalofahamika sana miongoni mwa wataalamu: ulemavu unatupa kivuli juu ya kila kitu, hivyo dalili yoyote mpya inahesabiwa kuwa sehemu ya ulemavu ule ule. Ukiambiwa "ndivyo walivyo", uliza: "Hivyo alivyo tangu lini?" Mdogo wangu hakuwa hivyo mwaka uliotangulia. Sentensi hiyo ndogo ingetosha, na mimi sikuwa nayo. Miezi 11 ikapita.

Daktari wa pili alikuwa mama mtu mzima, mpole, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuvuta kiti akakaa mbele ya mdogo wangu, macho kwa macho, akamsalimia kwa jina. Kisha akaniambia kwamba hatatamka neno demensia kabla hajaondoa mambo mengine yanayofanana nayo, kwa sababu mengi kati ya hayo yanatibika. Akapima tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, kwa kuwa kwa watu wenye Down hulegea mara nyingi na ikilegea mtu anakuwa mzito, mpole kupita kiasi, msahaulifu. Akaangalia masikio, kwa kuwa njia zao za masikio ni nyembamba na nta huziba haraka. Akaangalia macho kwa ajili ya mtoto wa jicho. Akauliza kama anakoroma na pumzi inakatika usingizini. Akapima vitamini B12, akapitia dawa zote alizokuwa akitumia, akauliza kuhusu choo na mkojo, kwa kuwa kufunga choo au maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kumchanganya mtu kwa siku chache kama vile amepatwa na jambo kubwa. Akauliza kuhusu msiba. Nikamwambia Mama alifariki miaka tisa nyuma. Akasema sonona kwa watu hawa huweza kuchelewa, na mara nyingi hujitokeza kama ukimya na kugoma kuliko machozi.

Aliangalia shingo pia, na hili nalisisitiza kwa sababu sijawahi kumkuta ndugu anayelijua. Baadhi ya watu wenye Down mifupa ya juu ya shingo yao imelegea na inaweza kubana neva kuu inayopita ndani ya uti wa mgongo. Mtu akianza kuyumba au kujikojolea, shingo ichunguzwe kabla ya kusingizia ubongo.

Kwa mdogo wangu, tezi ilikuwa chini na masikio yote mawili yalikuwa yameziba. Akapewa dawa, akasafishwa masikio, na ndani ya wiki sita akarudi kucheka. Nilishangilia. Daktari alikuwa ameniambia nimrudishe baada ya miezi mitatu hata kama yuko vizuri. Sikumrudisha. Niliona tumeshinda, na kusema kweli niliogopa kuambiwa vinginevyo. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na tezi iliyolegea na demensia kwa wakati mmoja, na kwamba kutibu ya kwanza kunaweza kuifunika ya pili kwa muda. Tulirudi baada ya miezi minane, vifungo vikiwa vimemshinda kabisa na viatu havipangwi tena.

Safari hii tulitumwa kwa mtaalamu wa tathmini. Nilidhani angempa maswali kama wanayopewa wazee: leo tarehe ngapi, hesabu kurudi nyuma kwa saba saba. Akanieleza kwamba vipimo hivyo havimfai, kwa sababu maswali mengi ya namna hiyo mdogo wangu asingeyajibu hata akiwa na miaka 25. Mtu mwenye ulemavu wa akili analinganishwa na yeye mwenyewe wa zamani. Ndipo akafungua faili na kuniuliza: alipokuwa na miaka 35, alifunga vifungo mwenyewe? Vyote? Kwa muda gani? Aliandika jina lake? Herufi ngapi? Alitembea peke yake hadi wapi? Akisimulia jambo, alisema sentensi ngapi?

Kila swali nililijibu kwa maneno yale yale: alikuwa anaweza vizuri tu.

Akaweka kalamu chini. "Dada, vizuri tu haipimiki."

Nilikuwa nimeishi naye karibu maisha yake yote na sikuweza kumthibitishia mgeni kile alichokuwa. Nilipofika nyumbani nilipekua kila kitu. Nikapata vitu viwili. Cha kwanza ni daftari la Mama la dawa, ambamo katikati ya majina ya vidonge ameandika, mdogo wangu akiwa na miaka 30: "Leo ameandika jina lake lote bila kusaidiwa." Cha pili ni video ya sekunde 40 iliyopigwa na binamu yetu kwa simu kwenye sherehe ya familia. Anayerekodiwa ni mtu mwingine. Mdogo wangu yuko nyuma, anaongea na mtoto fulani, na huku anaongea anafunga kifungo cha mkono wa shati. Hatazami vidole. Kile kifungo kidogo cha kwenye kifundo cha mkono, kinachonisumbua hata mimi, anakifunga kwa mkono mmoja huku akicheka.

Mtaalamu aliitazama video ile mara tatu. Kisha akampa mdogo wangu shati.

Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mtu aondoke nalo hapa, kama ana haraka na hatasoma zaidi. Rekodi mtu wako akiwa mzima. Uingereza, mwongozo wa wataalamu unashauri watu wenye Down wapimwe wakiwa na miaka 30 hivi, wakiwa bado hawana dalili, ili ipatikane picha ya kulinganishia. Mwongozo wa matibabu uliochapishwa Marekani mwaka 2020 unashauri uchunguzi wa demensia uanze miaka 40. Ipo pia fomu iitwayo NTG-EDSD, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili. Haitoi jibu la ugonjwa, lakini inaweza kujazwa na ndugu au mlezi aliyemfahamu mtu kwa angalau miezi 6, na kuijaza kila mwaka kunakuonyesha kinachopungua. Kama hakuna mtaalamu karibu nawe, simu inatosha. Kila mwaka, siku ile ile, mrekodi akivaa, akiandika jina, akipanda na kushuka ngazi, akisimulia alichofanya jana, akifanya kile anachokipenda. Usimsaidie na usimwelekeze. Andika tarehe. Ukiweza, rekodi na sauti yake akiimba.

Majibu yalikuwa ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni aina mojawapo ya demensia. Daktari alinichorea. Watu wengi wana kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, mbili za namba 21. Mdogo wangu alizaliwa na tatu. Kwenye kromosomu hiyo ndiko ilikokaa jeni ya APP, inayohusika na kutengeneza protini ambayo kwenye Alzheimer hujikusanya kama utando mgumu ndani ya ubongo. Mwenye nakala tatu anatengeneza zaidi, maisha yake yote. Kufikia miaka 40 karibu kila mtu mwenye Down tayari ana mabaki hayo ubongoni, ingawa dalili huchelewa. Kwa wastani ugonjwa hugunduliwa miaka ya hamsini na kitu ya mwanzo. Wenye ulemavu wa akili wa aina nyingine nao wako kwenye hatari kubwa kuliko watu wengine, ingawa si kwa kiwango hicho. Nililia kwa mambo mawili pamoja: ahueni kwamba hakuna nilichomfanyia kikamletea ugonjwa, na uchungu wa karibu miaka miwili niliyoipoteza nikimwita mvivu.

Kuhusu dawa sina mengi. Tulijaribu donepezil, kwa tahadhari, kwa sababu inaweza kupunguza mapigo ya moyo na watu wengi wenye Down wamezaliwa na shida za moyo. Mapigo yakashuka, tukaacha. Memantine, dawa nyingine ya Alzheimer, ilifanyiwa utafiti kwa watu wenye Down wa zaidi ya miaka 40, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 hayakuonyesha faida. Usiuze ulichonacho ukikimbilia vidonge.

Nilitaka kumficha. Nilijiambia haelewi, kwa nini nimtie hofu. Muuguzi aliyekuwa akitutembelea aliniambia kwamba anajua tayari kuwa kuna kitu, ila amekosa jina lake. Akanifundisha nimwambie kwa maneno machache, ya kweli, yanayohusu leo, nisimweleze miaka ijayo. Jioni moja nilikaa kitandani kwake nikamwambia: "Ubongo wako unaumwa. Ndiyo maana shati linakataa. Si kosa lako. Mimi nitakusaidia."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Mimi si mvivu?"

"Hapana. Wewe si mvivu."

Kesho yake alikwenda kituoni akamwambia kila mtu aliyemkuta. Ubongo unaumwa, mimi si mvivu. Msimamizi alinipigia simu huku analia. Rafiki yake wa taulo, naye ana ulemavu wa akili, akaacha kukaa karibu naye, na ilituchukua wiki nzima kujua kwamba aliogopa kuambukizwa. Ikabidi muuguzi aende kukaa na wenzake wote, awaambie kwamba huu ugonjwa hauambukizi, haupatikani kwa kushikana mikono wala kunywa kikombe kimoja. Msiwasahau marafiki. Wanaona kila kitu na hakuna anayewaeleza.

Nyumbani nilifanya kosa la upendo. Nilipaka chumba chake rangi mpya, nikageuza kitanda kipate mwanga, nikabadilisha mapazia. Usiku ule hakukiona kitanda. Alikaa sakafuni hadi alfajiri. Kitu kipya kinahitaji kumbukumbu mpya, na hiyo ndiyo aliyokuwa haitengenezi tena. Nikarudisha kila kitu mahali pake.

Kisha likaja suala la bafu. Kwa miezi alikuwa akifika mlangoni anasimama, anatetemeka, anashika fremu kwa mikono miwili. Nilivuta, nilibembeleza, nilipandisha sauti. Mtaalamu wa shughuli za kila siku alipokuja, hakuongea. Alipiga magoti mlangoni akaangalia kwa urefu wa mdogo wangu. Mlangoni palikuwa na zulia jeusi juu ya sakafu nyeupe. "Wewe unaona zulia," akasema. "Yeye anaona shimo." Demensia huharibu namna ubongo unavyosoma kina na tofauti ya rangi, na wenye Down wengi tayari macho yao yana matatizo. Aliondoa zulia. Mdogo wangu akaingia bafuni. Kwa miezi ile yote nilikuwa nikimvuta mtu aruke shimo, na yeye alikuwa akinililia. Kwa siku hiyo hiyo tuliondoa na kioo cha ukumbini, ambacho alikuwa akikisemesha kwa hasira kwa kuwa alimwona humo mzee asiyemjua, na tukaweka kiti cha choo chenye rangi nzito ili kionekane.

La Mama ndilo lililoniuma kuliko yote. Alianza kumuuliza. Mara ya kwanza nilimjibu ukweli: Mama alishafariki. Akapiga kelele kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba sasa hivi, maana kwake ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake akauliza tena, nikamjibu tena. Wiki ile nilimfiwisha mama yake mara tatu. Watu wa dini na wa familia walinishauri nisimdanganye, na mimi sipendi uongo. Lakini nilipojifunza kusikiliza, nikagundua kwamba mara nyingi hakuwa akiuliza habari. Alikuwa anamtamani. Nikaanza kumwambia, "Unamkumbuka Mama. Alikuwa anakuimbia nini?" Akaanza kuimba, nami nikamwitikia. Sijasema uongo na sijamuua Mama upya.

Mikono yake ilianza kurusha vitu asubuhi. Kikombe kinaanguka, mswaki unaruka. Tulidhani ni udhaifu, hadi siku alipoanguka mzima mzima na kukakamaa. Kifafa kinachoanzia utu uzimani kinawapata wengi wenye Down waliopata demensia, na huko kushtuka kwa mikono saa za asubuhi mara nyingi ndiko mwanzo wake. Ningemrekodi kwa simu na kumwonyesha daktari, tungewahi dawa kabla hajapasuka nyusi.

Halafu jino. Akiwa na miaka 53 alianza kupiga watu jioni. Alikuwa hajawahi kumpiga mtu. Tukaandikiwa dawa ya kutuliza, zile zinazotumika kwa magonjwa makubwa ya akili. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka. Ndani ya siku chache alikuwa anadondosha mate, anaburuza miguu, akaanguka mara mbili. Wiki tatu baadaye muuguzi aliporudi kutoka likizo alimwangalia, akaniuliza swali moja: meno yake yameangaliwa lini? Nyuma kabisa kulikuwa na jino lililooza hadi usaha. Likang'olewa. Kupiga kukaisha. Dawa hizo huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa watu wenye demensia. Zina mahali pake, lakini kabla hujakubali uliza zinatolewa kwa nini, kwa siku ngapi, na maumivu yametafutwa wapi na wapi. Usiamini anayesema wenye Down hawasikii maumivu. Wanasikia, ila wanachelewa kuonyesha na wanaonyesha kwa njia zao. Baada ya hapo niliandika ukurasa mmoja na kuubandika ukutani: akiumwa anashika sikio la kushoto, anaguna kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, anakataa kuguswa magoti. Kila aliyekuja kumhudumia aliusoma kwanza.

Kuhusu gharama nitasema wazi. Nilipunguza kazi nusu, kisha nikaacha kabisa, na akiba yangu ikaisha mwaka wa nne. Mgongo wangu haujapona, kwa sababu nilimnyanyua miezi mingi kabla ya kukubali kufundishwa namna ya kumgeuza. Ndugu zetu wawili walinipigia simu kunipa ushauri na hawakuja kulala hata usiku mmoja, nimemsamehe mmoja. Na usiku mmoja, baada ya kuamshwa mara ya sita, nilimpiga mkononi. Aliutazama mkono wake, kisha akanitazama mimi. Asubuhi nilimwambia muuguzi, kwa sababu niliogopa nafsi yangu. Hakunihukumu. Alisema ningepaswa kuomba msaada miaka miwili nyuma, na ndani ya wiki akapata mtu wa kukaa naye jioni mbili. Kama umefika hapo, mwambie mtu leo hii. Usingoje ufike nilipofika.

Mwaka wa mwisho alianza kukohoa akila na kunywa. Nilidhani ni mafua. Kilikuwa ni chakula kinachopitia njia ya hewa, na hicho ndicho huleta nimonia inayowachukua wengi katika hatua za mwisho. Mtaalamu wa umezaji alitufundisha kumkalisha wima, kumpa kidogo kidogo, kulainisha chakula na kuongeza uzito kwenye vinywaji kwa kiasi alichotupimia. Tulipata miezi saba zaidi. Mapema, akiwa bado anaweza kunionyesha anachotaka na asichotaka, tulikuwa tumekaa na daktari tukakubaliana kuhusu mpira wa kulishia na kuhusu kulazwa. Alikuwa anaogopa sana hospitali tangu utotoni. Hatukumwekea mpira, na alifia nyumbani, kwenye kitanda kilichokaa pale pale, akiwa na miaka 55. Jina langu lilikuwa limeshamtoka. Alipokuwa akiniona aliinua mkono kunionyesha kifungo cha shati lake, nami nikawa nakifunga na kukifungua, mara nyingi kadiri alivyotaka.

Mwezi uliopita alinijia mama mmoja kutoka kituo kile. Mwanawe ana miaka 31, mzima wa afya, anapenda kupiga ngoma mezani. Alikuwa ameleta daftari jipya na hakujua aandike nini ukurasa wa kwanza. Nikatoa simu, nikamwomba yule kijana avue shati lake na kulivaa upya. Alichukua dakika moja na sekunde 12, vifungo sita, na cha mwisho alikifunga huku akinieleza habari ya ngoma.